Shukrani kwa Nani, Juu ya Ardhi ya Nani: Wapagani wa Leo na Sikukuu za Mavuno

Aliyekulia katika usharika wa Kilutheri au mtaa wa Kianglikana hapa Afrika Mashariki anaifahamu Sikukuu ya Mavuno bila kuelezwa: magunia ya mahindi mbele ya madhabahu, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mayai kikapuni, na baada ya ibada mnada ambao jogoo mmoja huweza kununuliwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua humrudishia kanisa. Kutoa malimbuko lilikuwa jambo la zamani kwa watu wengi wa huku, lakini namna hii ya kulifanya, ndani ya jengo la kanisa na kwa tarehe iliyopangwa na kanisa, ilifika pamoja na wamisionari wa Kijerumani na Kiingereza. Makala haya yanahusu watu wa huko huko ilikotoka desturi hiyo, na wa Marekani ambako shukrani ya mavuno ilichukua sura nyingine, ile ya Siku ya Shukrani ya kila Novemba, watu walioliacha kanisa na kujichagulia jina la wapagani. Kila mwaka hujikuta mbele ya meza ya shukrani iliyoandaliwa na jamii ambayo, hata pale isipokwenda ibadani, bado husema asante kwa maneno ya Kikristo. Je, huketi? Na wakiketi, husema nini sala inapoanza?

Kwanza tulinyooshe neno lenyewe. Katika Kiswahili, mpagani ni neno la misheni. Aliitwa hivyo asiyebatizwa, na mara nyingi neno hilo lilibeba dharau kwa dini za babu zetu, kiasi kwamba ni nadra kumpata mtu wa huku anayejitambulisha kwalo. Asili yake ni Kilatini, paganus, yaani mtu wa shamba, na ni Wakristo wa Dola la Roma waliolifanya kuwa jina la wote walioendelea na miungu ya zamani. Wapagani ninaowazungumzia wamelitwaa kwa hiari na kulivaa kwa fahari. Msomaji asiwachanganye na mzee wa Kiafrika anayetambika kwa desturi aliyoipokea kwa baba yake, kwa maana mpagani wa London au Chicago mara nyingi alizaliwa katika nyumba ya Kikristo au isiyo na dini, akasoma, akatafuta, na akaanza kujenga upya kitu ambacho mnyororo wake ulikatika karne nyingi kabla ya yeye kuzaliwa.

Wala si dini moja. Wapo wafuasi wa Wika, dini iliyotangazwa nchini Uingereza na Gerald Gardner baada ya Bunge la nchi hiyo kuifuta, mwaka 1951, sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Wao huheshimu mungu wa kike na mungu wa kiume, na wengi hujiita kwa neno la Kiingereza ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa mchawi. Ni tafsiri inayopotosha kabisa, kwa kuwa kwetu mchawi ni mtu anayedhuru, nao hawamaanishi hivyo. Wapo Wadruidi wa kisasa, wanaojinasibu na makuhani wa Waselti, watu wa kale wa Ulaya Magharibi. Wapo wanaowarudia miungu ya Skandinavia na Wajerumani wa kale, ambao chama chao huko Iceland, Ásatrúarfélagið, kilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Wapo pia wanaofuata miungu ya Ugiriki, ya Misri ya mafarao na ya nchi za Baltiki. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa wapagani na wengine 13,000 wakajiandika kwa jina la Wika.

Kwa watu wa namna hii hakuna papa, hakuna kitabu kimoja, hakuna mufti wa kuulizwa kama jambo ni halali au haramu. Ndiyo maana anayewauliza, “Je, dini yenu inawaruhusu kusherehekea Siku ya Shukrani?” hupata majibu kumi tofauti na kudhani kwamba wanajikanganya. Kwa kweli swali lenyewe limekaa vibaya. Ukiwasikiliza kwa subira utaona kwamba wanashindana juu ya mambo mengine: nani anayeshukuriwa, ni mavuno ya msimu gani, na ni ardhi ya nani iliyoyazaa. Kwa maoni yangu hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo lililochelewa kuulizwa.

Tuanze na msimu, kwa sababu hapo ndipo wapagani wengi wanapotofautiana na majirani zao kwanza. Wafuasi wa Wika na Wadruidi wengi hutumia kalenda wanayoiita Gurudumu la Mwaka, yenye sikukuu nane: nne za jua, yaani siku mbili ambazo usiku na mchana hulingana, siku ya mchana mrefu kuliko yote na siku ya usiku mrefu kuliko wote, na nne nyingine zilizo katikati ya hizo, mwanzoni mwa Februari, Mei, Agosti na Novemba. Hizo nne za katikati zina mizizi katika kalenda ya zamani ya Ireland. Lakini gurudumu zima, lenye siku zote nane kwa pamoja, halikuzungushwa na taifa lolote la kale linalojulikana. Lilikamilika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, katika duru za Gardner na rafiki yake Ross Nichols, ambaye mwaka 1964 alianzisha jumuiya ya Kidruidi iliyopo hadi leo.

Ndani ya gurudumu hilo mavuno hayana siku moja, yana tatu. Ya kwanza ni tarehe 1 Agosti, mavuno ya nafaka, ambayo kwa Kiayalandi huitwa Lughnasadh, kwa jina la mungu Lugh. Masimulizi ya Ireland yanasema Lugh aliianzisha michezo ya siku hiyo kumwomboleza mama yake mlezi, Tailtiu, aliyekufa kwa uchovu baada ya kufyeka misitu ya kisiwa hicho ili watu wapate mahali pa kulima. Nimelitaja hilo kwa makusudi: kiini cha sikukuu hiyo si shibe tu, bali kumbukumbu ya mtu aliyelipa kwa mwili wake ili shamba liwepo. Ya pili huja kati ya tarehe 21 na 24 Septemba, usiku na mchana vinapolingana, na ni ya matunda: matofaa, zabibu, maboga. Ya tatu ni Samhain, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, wakati ambapo wafugaji wa Ulaya ya Kaskazini walichagua mifugo ya kupitisha baridi na ile ya kuchinjwa. Nayo ndiyo siku ya kuwakumbuka waliotangulia, wakiandaliwa kiti na sahani mezani.

Sikukuu ile ya pili inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayolinganishwa mara nyingi na Siku ya Shukrani ya Marekani. Wengi huiita Mabon na kuamini kwamba ni jina la tangu enzi za Waselti. Sivyo. Mmarekani Aidan Kelly ndiye aliyeipa jina hilo miaka ya 1970, alipokuwa akitengeneza kalenda na kukuta kwamba baadhi ya sikukuu hazina majina yenye ladha ya kipagani. Alilichukua kutoka katika hadithi ya zama za kati ya Wales, ambamo Mabon mwana wa Modron aliibwa kwa mama yake akiwa na siku tatu tu tangu kuzaliwa. Hadithi hiyo haitaji sikukuu yoyote ya mavuno. Jina likachapwa, likapendwa, na leo limo katika kalenda za wapagani duniani kote, ingawa wapo wengi, hasa Uingereza, wasiolitumia na husema tu karamu ya mavuno.

Wale wanaofuata miungu ya Skandinavia na ya Ugiriki hawana sababu ya kulifuata gurudumu hilo. Wa kwanza hutazama maandiko ya kale, na mojawapo ni la Beda, mtawa wa Kiingereza aliyeandika mwaka 725 kwamba babu zake, kabla ya Ukristo, waliuita mwezi unaolingana na Novemba mwezi wa dhabihu, kwa kuwa ng’ombe waliotakiwa kuchinjwa waliwekwa wakfu kwa miungu. Waislandi nao wana usiku wa kuukaribisha msimu wa baridi, katika nusu ya pili ya Oktoba. Wafuasi wa Athene ya kale huhesabu kwa mwezi mwandamo, na wakati wa sikukuu ya Apolo iitwayo Pyanopsia hupika chungu cha maharage na nafaka mchanganyiko, chakula ambacho Mkikuyu au Mchaga angekitambua mara moja. Aliye Australia hugeuza mambo yote, kwa kuwa kwao ngano haivunwi Agosti. Sikukuu ya nafaka huiadhimisha mwanzoni mwa Februari. Mtu wa Mbeya au Njombe, anayevuna mahindi yake katikati ya mwaka, haoni ajabu katika hilo, maana shamba halisomi kalenda ya Ulaya.

Hivyo inapofika Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani ya Marekani, mpagani wa nchi hiyo tayari ameshashukuru, pengine mara tatu. Mashamba ya Massachusetts yako wazi na ardhi inakaribia kuganda. Kwa kalenda yake, karamu hiyo imechelewa. Wakanada wako karibu zaidi na msimu, kwani tangu mwaka 1957 shukrani yao imewekwa Jumatatu ya pili ya Oktoba, na si ajabu kwamba mpagani wa huko huona ni rahisi zaidi kuziunganisha sikukuu hizo mbili katika wiki chache za shughuli moja.

Hapa hujitokeza dai linalorudiwa sana miongoni mwa wapagani wenyewe, kwamba kanisa liliiba sikukuu za mavuno na wao sasa wanazirudisha kwa wenyewe. Dai hilo lina utamu wake, lakini linahitaji kuchambuliwa, na ninalichukulia kwa uzito kwa sababu dini inayojengwa juu ya historia isiyo ya kweli huwaumiza waumini wake siku wanapoigundua. Ibada ya mavuno tunayoijua katika makanisa ya Kianglikana si ya kale. Mwaka 1843 kasisi Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, kijiji cha pwani ya Cornwall, aliwaalika waumini wake kushiriki meza ya Bwana kwa mkate uliotengenezwa kwa ngano mpya, na wazo hilo likaenea Uingereza nzima ndani ya miongo michache. Kabla ya hapo mavuno yalihitimishwa mashambani kwa karamu ambayo mwenye shamba aliwaandalia vibarua wake, yenye nyama, pombe na nyimbo, na ambayo baadhi ya makasisi waliiona kuwa ni ulevi mtupu. Kanisa, basi, halikuiba sikukuu ya Wadruidi. Liliichukua karamu ya vibarua na kuitia ndani.

Kwa upande mwingine, jina Lammas, ambalo wapagani wengi hulitumia kwa tarehe 1 Agosti, ni la Kikristo kabisa: linatokana na maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya misa ya mkate. Na ile imani kwamba roho ya nafaka hukaa katika mganda wa mwisho, ambao wavunaji waliufunga kwa sura ya mwanasesere, ilienezwa kwa wasomaji wa mijini na James Frazer tangu mwaka 1890. Kufuma wanasesere wa ngano ni desturi ya kweli ya wakulima wa Ulaya. Maana iliyopewa desturi hiyo, kwamba ni masalio ya ibada ya mungu anayekufa na kufufuka, ni nadharia ya msomi ambaye wanahistoria wa baadaye wamemkosoa vikali. Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol aliyaeleza haya kwa urefu miaka ya 1990, na la kupendeza ni kwamba wapagani wengi walimsoma, wakakubali, na wakaendelea kusherehekea. Walisema kwamba sikukuu si lazima iwe na miaka elfu mbili ili iwe na maana. Inatosha kwamba mkate ni wa kweli na shukrani ni ya kweli. Naliona jibu hilo kuwa la watu wazima.

Turudi sasa mezani. Siku ya Shukrani ya Marekani ni sikukuu ya taifa kabla ya kuwa ya dini. Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuipigania kwa miaka mingi, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Tangazo la Lincoln lilimtaja Baba aliye mbinguni, lakini sheria haimlazimishi mtu kumwomba yeyote. Myahudi, Mwislamu, Mhindu na asiyeamini huila siku hiyo kila mmoja kwa namna yake. Ndiyo maana kwa mpagani wa kawaida kizuizi cha kwanza si serikali wala kanisa. Kizuizi ni baba mkwe anayeinamisha kichwa mbele ya batamzinga na kuanza kusali kwa jina la Yesu, huku watu wote wameshikana mikono.

Wapo wanaojitoa wasishike mikono, hasa waliotoka katika makanisa yaliyowaumiza. Wengine hunyamaza na kumshukuru moyoni yule wanayemwamini. Lakini jibu ninaloliona kuwa na mizizi zaidi hutoka katika upagani wenyewe. Anayeamini miungu wengi hana haja ya kumkana mungu wa mwenye nyumba. Amwonapo anaheshimiwa katika nyumba yake, yeye pia huweza kumheshimu, kama vile msafiri wa kale alivyoheshimu madhabahu ya mji alioufikia. Wagiriki waliuweka ugeni chini ya ulinzi wa Zeu mwenyewe, mungu wao mkuu. Hávamál, shairi la kale la Iceland ambalo wafuasi wa miungu ya Kaskazini hulisoma sana, katika beti zake za mwanzo hutaja wajibu wa mwenyeji kwa mgeni aliyeingia na magoti yenye baridi: moto, chakula, nguo, maji na kitambaa cha kufutia, na mbele kidogo humwonya mgeni asikae mpaka akachukiza. Sisi tunaosema “mgeni njoo, mwenyeji apone”, kisha tukaongeza kwamba siku ya tatu apewe jembe, hatuhitaji mkalimani hapo. Kwa adabu hiyo mpagani huketi, hula, huitikia kwa heshima, na zamu yake ya kusema anachoshukuru inapofika, kwani familia nyingi za Kimarekani humpa kila mtu zamu, huwataja waliopika, waliolima na mnyama aliyechinjwa. Wakwe zake wanaweza wasigundue kwamba wamesikia dua ya kipagani.

Shairi hilo hilo linagusa jambo jingine ambalo naona ndilo mchango wa kweli wa wapagani katika mjadala huu. Linasema kwamba ni heri kutoomba kuliko kuzidisha dhabihu, kwa kuwa zawadi siku zote hutazamia zawadi. Katika mahubiri mengi ya kisasa, na zaidi katika vitabu vya kujiboresha, shukrani imekuwa hisia: ukae, uhesabu mema yako, ujisikie vizuri. Kwa wafuasi wa miungu ya Kaskazini shukrani ni deni. Umepokea, basi rudisha, na kipimo cha unachorudisha kilingane na ulichopokea. Katika karamu zao kikombe cha pombe ya asali, ndugu wa wanzuki wetu, huzungushwa, kila mmoja hunena neno la heshima kwa miungu, kwa waliotangulia au kwa jambo aliloliahidi na kulitimiza, na sehemu ya kinywaji humwagwa ardhini. Waswahili walishasema kwamba mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo, ambayo kwa kawaida tunaitumia kwa wanadamu, wao huipeleka mpaka kwa miungu na udongo.

Ukilishika wazo la deni, mambo mengi hujipanga. Sahani huwekwa uani baada ya karamu, ikiwa na kipande cha kila chakula, na wanyama wa usiku hukila. Hilo halionwi kuwa upotevu. Wengine humkataa batamzinga wa viwandani, kati ya zaidi ya milioni 40 wanaoliwa siku hiyo nchini Marekani, kwa hoja kwamba huwezi kumshukuru mnyama aliyefugwa bila kuona jua. Hununua kwa mfugaji wanayemjua, au huacha nyama kabisa. Mikusanyiko ya hadhara ambayo wapagani wa Marekani huifanya kila mwaka karibu na Septemba ili kujitambulisha kwa majirani, na ambayo imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huwataka wanaokuja walete chakula cha makopo au cha kukaa, ambacho hupelekwa kwenye maghala ya msaada. Katika maghala hayo kopo la maharage kutoka kwa mpagani huwekwa rafu moja na kopo lililotoka kanisani.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi Uingereza, ambako shule za msingi huwaambia watoto walete makopo kwa ajili ya ibada ya mavuno. Sheria ya nchi hiyo inataka shule za umma ziwe na ibada ya kila siku yenye mwelekeo wa Kikristo kwa ujumla, na pia inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto wake. Mzazi mpagani anaweza kuitumia haki hiyo. Lakini mtoto aliyetolewa ukumbini siku ambayo wenzake wanaimba juu ya kulima na kupanda hujifunza tu kwamba yeye si wa pale, na sidhani kwamba kuna mungu wa shamba anayefurahia hilo. Afadhali mtoto aimbe, kisha nyumbani aelezwe habari za Lugh na Tailtiu.

Naongeza neno juu ya wapagani wa mjini, ambao ndio wengi, na ambao hawavuni chochote ila pengine nyanya za kwenye kopo la barazani. Vitabu vingi huwashauri waadhimishe mavuno ya maisha: kazi iliyokamilika, deni lililolipwa, tabia mbaya iliyoachwa. Si vibaya, ila mavuno yakigeuzwa kuwa mfano wa maneno tu, mvunaji husahaulika. Mtu aliyechuma lile tofaa lililopo madhabahuni yupo kweli. Katika majimbo mengi ya Marekani mara nyingi ni mhamiaji kutoka Mexico au Amerika ya Kati, na ndiye mrithi halisi wa wale vibarua wa karamu za kale. Shukrani inayoruka juu ya kichwa chake kwenda moja kwa moja kwa mungu wa kike wa nafaka ina tundu katikati.

Tumefika penye uzito. Siku ya Shukrani imejengwa juu ya kisa cha mwaka 1621, walowezi wa Kiingereza wa Plymouth, Massachusetts, walipokula kwa siku tatu pamoja na Wawampanoag, wazawa wa eneo hilo, wapatao 90 na mkuu wao Massasoit. Ushuhuda uliopo wa karamu hiyo ni mfupi mno, na hakuna aliyeiita Shukrani ya kwanza mpaka karne ya 19. Kisa hicho huachwa bila kinachokitangulia na kinachokifuata. Kilichotangulia ni maradhi ya mwaka 1616 hadi 1619, yaliyoletwa na meli za Ulaya, ambayo yalikifagia kijiji cha Patuxet, mahali pale pale walowezi walipokuja kujenga na kulima mashamba yaliyokuwa yameshafyekwa na watu wengine. Kilichofuata ni vita vya mwaka 1675 na 1676, ambamo Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa na kichwa chake kikawekwa juu ya mti huko Plymouth kwa miaka mingi. Mwaka 1970 Mwampanoag Wamsutta Frank James alialikwa kuhutubia katika maadhimisho ya miaka 350 ya kufika kwa walowezi. Waandaaji walipoisoma hotuba yake walimzuia kuitoa. Tangu mwaka huo, kila Siku ya Shukrani, wazawa hukusanyika Cole’s Hill, juu ya bandari ya Plymouth, kwa Siku ya Taifa ya Maombolezo.

Kwa nini hili limguse mpagani kuliko Mmarekani mwingine? Kwa sababu anadai kwamba ardhi ni takatifu. Mkristo anaweza kusema kwamba anamshukuru Mungu aliye juu ya mataifa yote. Mpagani anayemwaga kinywaji chake kwenye udongo wa Massachusetts anauelekea udongo ule ule, na udongo huo una majina, wafu na watu walio hai ambao hawakuupeana. Baadhi ya wapagani, kwa hiyo, hufunga siku hiyo, au huenda kusimama Plymouth pamoja na waombolezaji. Wengine huitenganisha kabisa: hula na familia kwa sababu ni siku ya mapumziko, lakini ibada yao ya mavuno huiweka Septemba, mbali na kisa cha walowezi.

Yapo pia mashimo mawili ambayo wapagani wenyewe wameyaonya. La kwanza ni kukimbia hatia kwa kuazima: kuchukua dua ya shukrani ya Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wazawa wa Amerika ya Kaskazini, dua ambayo huvishukuru viumbe kimoja baada ya kingine kuanzia watu, maji na samaki mpaka nyota, na kuisoma katika karamu yao kana kwamba ni mali ya kila mtu. La pili ni kukimbilia damu, kusema kwamba kila kabila lishukuru kwenye udongo wa babu zake. Wajerumani wanajua njia hiyo inakoishia. Kati ya mwaka 1933 na 1937 serikali ya Hitler iliigeuza shukrani ya mavuno kuwa mkutano mkubwa wa chama kwenye kilima cha Bückeberg, karibu na Hameln, mamia ya maelfu ya watu wakiandamana kwa jina la damu na udongo. Mpagani wa Ujerumani anayetaka kufunga mganda leo hulazimika kwanza kueleza kwamba yeye si wa hao. Na nchini Marekani, mwaka 2016, makundi mengi ya wafuasi wa miungu ya Kaskazini yalitia saini tamko la kujitenga na kundi moja lililoifanya dini yao kuwa ya weupe peke yao. Tamko hilo lilipewa namba ya ubeti wa Hávamál unaosema kwamba uonapo uovu, uutaje.

Kati ya mashimo hayo kuna njia nyembamba, nayo ni kurudi kwenye lile deni. Ikiwa shukrani ni kurudisha, basi anayeshukuru juu ya ardhi ya mwingine anajua pa kupeleka. Katika eneo la ghuba ya San Francisco, mahali ambapo tangu miaka ya 1970 upagani wa Kimarekani umekuwa na mojawapo ya ngome zake, wanawake wa kizawa wanaongoza mfuko wa ardhi wa Sogorea Te’, unaozirejesha sehemu za nchi ya Walisjan Ohlone mikononi mwa watu wake. Mfuko huo humwomba kila anayeishi hapo, wa dini yoyote, alipe kila mwaka kwa hiari kiasi kinachokadiriwa kwa ukubwa wa nyumba yake. Malipo hayo huitwa Shuumi. Katika lugha ya Kichochenyo, lugha ya ardhi hiyo, neno hilo maana yake ni zawadi.